Pugu, Uluguru, Udzungwa au Jozani: msitu upi unafaa kwa siku moja ya kutembea kutoka Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuitumia Jumamosi yake kutembea kwa miguu chini ya miti ana misitu minne ya kuchagua, na kila mmoja una tabia yake. Upo Msitu wa Mazingira Asilia wa Pugu-Kazimzumbwi huko Kisarawe. Ipo Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, ambayo milima yake imeuinamia mji wa Morogoro. Ipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, kandokando ya bonde la Kilombero. Na ng'ambo ya bahari ipo Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, kisiwani Unguja. Mikumi na Saadani nimeziacha kwa makusudi, kwa kuwa huko mgeni kwa sehemu kubwa hukaa ndani ya gari na kutazama wanyama kupitia dirishani, jambo linalopendeza kwa siku nyingine lakini lisiloweza kuitwa matembezi ya miguu.

Wengi huchagua kwa kuvutwa na picha. Mtu huona maporomoko ya Sanje, yaliyoko Udzungwa, kwenye simu yake, akakusanya rafiki saba na basi dogo, wakaondoka usiku wa manane, na wanapofika kwenye lango la hifadhi wamechoka, jua limeshapanda, na saa za kutembea zimebaki chache. Kwa maoni yangu, swali la kwanza la kujiuliza ni saa ngapi za mchana zitabaki kwa miguu yako baada ya gari, treni au boti kuchukua sehemu yake. Uzuri wa mahali ufuate baada ya hapo, kwa sababu yote manne ni mazuri. Ukilijibu swali hilo kwa uaminifu, utakuta kwamba msitu ulio bora kuliko yote minne ndio usiofaa kabisa kwa safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Saa zinazobaki baada ya safari

Katika ukanda wetu jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi na kuzama karibu na saa 12 na nusu jioni, na tofauti kati ya Juni na Desemba ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kumsaidia aliyechelewa. Chini ya miti mirefu giza huingia mapema zaidi, na njia ya mteremko yenye mizizi ni ya hatari pale mtu anaposhindwa kuona anapoweka mguu. Kwa sababu hiyo ninahesabu kwamba siku ya matembezi inapaswa kumalizika saa 11 jioni, nanyi mkiwa tayari mmetoka msituni.

Pugu ndiyo inayoacha saa nyingi zaidi. Iko umbali wa takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji, kwa barabara ya Nyerere inayopita uwanja wa ndege na Gongo la Mboto, na kikwazo pekee ni foleni. Anayeondoka nyumbani saa 11 na nusu alfajiri huwa msituni kabla ya saa 1 asubuhi, hutembea hadi saa 5, na anaweza kula chakula cha mchana nyumbani kwake. Anayeondoka saa 3 atatumia muda mrefu akitazama malori, na atakapofika joto litakuwa limekwisha kumpokonya hamu ya kupanda kilima chochote.

Uluguru ndiyo iliyobadilika zaidi katika hesabu hii. Kwa basi, safari ya kilomita zipatazo 190 hadi Morogoro huchukua saa 4 au zaidi, kutegemea hali ya barabara kati ya Kibaha na Chalinze, na kwenda na kurudi siku moja kulikuwa karibu sawa na kwenda kugusa mlima na kuuaga. Tangu tarehe 14 Juni 2024, reli ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, safari hiyo huchukua muda usiozidi saa 2 hivi. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo ongeza muda wa bajaji au bodaboda hadi chini ya mlima. Hata hivyo, anayepanda treni ya mapema asubuhi anaweza kuanza kupanda mlima saa 3, akawa na saa 6 kamili kabla ya kulazimika kurudi stesheni. Tiketi inunuliwe siku kadhaa kabla, hasa ya kurudi Jumapili jioni, na kitambulisho kisisahauliwe nyumbani.

Kwa Jozani, boti za mwendo kasi huvuka hadi bandari ya Malindi kwa muda wa saa 2 hivi, kisha kuna mwendo wa takriban kilomita 35 kwa barabara ya kusini mashariki mwa kisiwa, ambayo daladala za Makunduchi na Jambiani hupita mbele kabisa ya lango. Ukiondoa muda wa kusubiri bandarini pande zote mbili, zinabaki saa 2 au 3 za kuwa msituni kabla ya kuiwahi boti ya alasiri. Kwa mlima saa hizo zingekuwa chache mno. Kwa Jozani zinatosha, kwa sababu njia zake ni fupi.

Udzungwa haiachi chochote. Kutoka Dar es Salaam hadi Mang'ula, makao makuu ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita 350: unapita Morogoro, unaivuka Hifadhi ya Mikumi kwenye barabara kuu ambako mwendo wa magari unadhibitiwa kwa usalama wa wanyama, unakata kushoto kwenye mji wa Mikumi, kisha unateremka Ruaha na Kidatu hadi kwenye mashamba ya miwa. Hesabu nusu ya mchana kwa kwenda tu. Nitaieleza kwa urefu hapa chini kwa sababu inastahili, lakini tuelewane tangu mapema kwamba ulinganisho wa Udzungwa na mingine mitatu unahusu siku moja ya kutembea baada ya kulala Mang'ula usiku uliotangulia. Mkazi wa Morogoro au Ifakara ana hesabu nyingine, na kwake Udzungwa inaweza kuwa ya kwanza.

Njia zenyewe na namna zinavyouchosha mwili

Pugu ni vilima vifupi vya pwani, mabaki ya misitu ambayo zamani ilikuwa imeenea zaidi nyuma ya mwambao wetu wote. Hapapandwi kwa muda mrefu mahali popote. Mtu hutembea kwenye njia za udongo mwekundu na mchanga, akishuka kwenye mabonde madogo na kupanda tena. Kivutio kinachotajwa sana ni pango la Pugu, ambalo kwa kweli ni handaki lililochimbwa na watu waliokuwa wakitafuta udongo mweupe wa kaolini, na ambalo sasa limekaliwa na popo wengi wanaotoka kwa makundi jua linapozama. Uchovu wa Pugu hautokani na mwinuko, unatokana na joto lenye unyevunyevu, na kero yake kubwa ni upupu unaoning'inia kandokando ya njia katika miezi ya kiangazi. Suruali ndefu na shati la mikono mirefu humaliza tatizo hilo. Wale wanaokwenda na kaptura kwa kuwa ni karibu na mjini hurudi wakijikuna.

Uluguru ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo mtu anapaswa kuchagua kwa makini, kwa kuwa ndani ya jina moja kuna safari mbili zisizofanana.

Safari ya kwanza ni ya Morningside, nyumba ya kale iliyojengwa zama za utawala wa Wajerumani kwenye bega la mlima, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Njia hupita katikati ya mashamba ya Waluguru yaliyokatwa kwenye miteremko mikali, penye migomba, mboga na miti ya matunda, na mpandaji hukutana na akina mama wanaoteremka na mizigo kichwani kwa mwendo ambao kijana wa mjini hawezi kuufuata hata akiwa mikono mitupu. Kwa mtu wa nguvu za kawaida ni kama saa 2 za kupanda. Ipo pia barabara mbovu inayofika huko, ambayo bodaboda huipanda, jambo linalomwezesha mzee au mtu mwenye magoti mabovu kufika juu pamoja na wenzake na kuteremka kwa miguu taratibu ikiwa anaweza. Kutoka hapo anayetaka anaweza kuendelea hadi kwenye maporomoko ya Choma. Njia hii imo zaidi kwenye mashamba kuliko msituni, na anayekwenda akitarajia miti mikubwa tangu hatua ya kwanza atalalamika. Anayependa kuona jinsi watu wanavyoishi na mlima, na kuona mji wa Morogoro umetandikwa chini pamoja na mbuga zake hadi upeo wa macho, atafurahi.

Safari ya pili ni kilele cha Lupanga, chenye takriban mita 2,140. Mji wa Morogoro uko kwenye takriban mita 500, kwa hiyo mpandaji huinua mwili wake zaidi ya mita 1,600 na kuushusha tena siku hiyohiyo. Sehemu ya juu imo ndani ya hifadhi yenyewe, msitu wa ukungu wenye kuvu na ndevu za miti, na njia ina mwinuko mkali kiasi kwamba mahali pengine hupandwa kwa mikono ikishika mizizi. Wenye mazoezi huchukua saa 7 hadi 9 kwenda na kurudi. Ukirejea hesabu ya treni niliyoitoa, utaona kwamba Lupanga haiingii ndani ya saa 6. Anayeitaka alale Morogoro Ijumaa na aanze kupanda saa 12 asubuhi. Sishauri mtu yeyote kuianza saa 3 kwa matumaini ya kukimbia wakati wa kushuka, kwa sababu magoti huumia zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye mwinuko, na udongo wa Uluguru ukilowa huteleza kama sabuni.

Udzungwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na haina barabara za magari za kutembelea wageni ndani yake: kila anayeingia huingia kwa miguu. Hilo peke yake linaitofautisha na hifadhi nyingi za taifa nchini. Msitu wake huanza karibu kabisa na mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero, kwenye mwinuko usiofika mita 400, na kupanda bila kukatika hadi milima ya zaidi ya mita 2,000, hali ambayo ni nadra sana Afrika Mashariki, ambako misitu ya chini mara nyingi ndiyo iliyofyekwa kwanza. Mtu anayepanda huko hupita ndani ya siku moja kutoka msitu wa joto wenye miti ya mbao hadi kwenye hewa ya baridi, na asiyejua jina la mti hata mmoja bado huhisi mabadiliko hayo kwenye ngozi.

Njia zake zinatofautiana vya kutosha kumfaa kila mtu. Maporomoko ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la mume wa Malkia Juliana wa Uholanzi, yako karibu na lango la Mang'ula, na matembezi yake hayafiki saa moja. Watoto wadogo huyaweza. Njia ya Sonjo huchukua kama saa 2. Njia inayojulikana zaidi ni ya Sanje, inayoanzia kwenye kituo cha askari kilichoko kaskazini mwa Mang'ula: ni kama kilomita 5 tu kwa mzunguko, lakini huchukua saa 4 kwa sababu ya mwinuko, na asiwepo wa kudanganywa na ufupi wa namba hiyo. Maji ya Sanje huanguka kwa hatua tatu, jumla ya takriban mita 170, na juu kuna vidimbwi ambamo wageni huoga huku bonde lote la Kilombero likiwa chini yao. Baada ya hapo zipo njia za wenye nguvu: ile ya kambi namba 3, ya kilomita 13, huchukua siku nzima ya saa 10, na ya kilele cha Mwanihana huhitaji kulala msituni siku 2, kwa hiyo haimo kwenye ulinganisho huu.

Jozani, kwa upande wake, haina mwinuko wowote. Njia ya msituni hupita kwenye ardhi oevu yenye mitondoo na michikichi, na kwa mwendo wa taratibu na maelezo ya mwongozo huisha kwa chini ya saa moja. Ng'ambo ya barabara kuna eneo wanakoonekana kima punju, na mbele kidogo, upande wa kijiji cha Pete, kuna daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko. Anayetaka kutokwa na jasho na kusikia mapaja yakiwaka asiende Jozani. Anayekwenda na bibi yake na mtoto wa miaka 5 hatapata mahali panapofaa zaidi.

Kinachoonekana, na kisichoonekana

Msitu huficha. Anayetoka kwenye picha za Serengeti hutegemea kuona wanyama wakiwa wamepangwa mbele yake, na katika misitu hii mitatu ya bara anaweza kutembea asubuhi nzima akisikia matawi yakivunjika na sauti za ndege bila kuona zaidi ya mkia. Ni Jozani pekee ambako naweza kusema kwa ujasiri kwamba mnyama uliyemfuata utamwona. Kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, huishi Unguja tu na hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani, ingawa wachache walihamishiwa Pemba. Hesabu zilizofanywa zilionyesha kwamba wamezidi 5,000. Makundi ya Jozani yamezoea watu, na hilo ndilo linalozua tatizo: wageni husogea karibu mno ili wapige picha, ilhali maradhi ya mafua huweza kuhama kutoka kwa mtu kwenda kwa kima. Mwenye mafua abaki nyumbani, na mwenye ndizi mkobani aiache humo. Barabara inayokata hifadhi iliwahi kuua kima wengi hadi matuta yakawekwa, kwa hiyo mwombe dereva wako apunguze mwendo hata pale anapodai kwamba anaijua njia.

Udzungwa ina utajiri mkubwa zaidi, lakini sehemu kubwa ya utajiri huo haimo kwenye njia za siku moja. Mangabei wa Sanje, aina ya tumbili mwenye kishungi kichwani, aliingia kwenye vitabu vya sayansi baada ya watafiti kumsikia na kumwona Sanje mwaka 1979. Kipunji, tumbili mwingine aliyetangazwa mwaka 2005, na sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu aliyeelezwa mwaka 2008, huishi ndani zaidi, mbali na njia za siku moja. Anayekwenda Sanje ana nafasi nzuri ya kumwona mbega mwekundu wa Udzungwa, mwenye utosi wa rangi ya kutu, na akina kima na mbega weusi kwa weupe. Mangabei ataonekana kwa bahati. Tembo na nyati pia wamo, na kinyesi chao kwenye njia ndicho kinachokumbusha kwa nini askari wa hifadhi mwenye silaha huongozana na watembezi.

Uluguru haina wanyama wakubwa wa kukufurahisha. Thamani yake ni mimea, vyura, ndege na maji. Pamoja na Udzungwa, ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa, ambayo imekuwa ikipata unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu kiasi cha kuhifadhi viumbe waliotoweka kwingine. Kuna ndege wa Uluguru mwenye tumbo la manjano, mgongo wa kijani na utosi mweusi, asiyepatikana mlima mwingine wowote. Wapenzi wa ndege husafiri kutoka Ulaya kumtafuta na wengi hurudi wakiwa wamemsikia tu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam ipo sababu nyingine ya kuuona msitu huu kwa macho yake: humo ndimo inamoanzia mito inayounda Ruvu, na Ruvu ndiyo chanzo kikuu cha maji ya bomba jijini. Mgawo wa maji unapotangazwa, habari yake huwa imeanzia kwenye miteremko hii.

Kuhusu Pugu niseme kwa ufupi: ndege, vipepeo, tumbili, popo, na miti ya pwani ambayo haionekani tena karibu na jiji. Pia utaona visiki, kwani mkaa na upanuzi wa makazi vimeuumiza msitu huu kwa miaka mingi. Sioni sababu ya kumficha mgeni jambo hilo.

Majira, kwa kuwa kila msitu una yake

Masika ya Machi hadi Mei ndiyo majira mabaya kwa yote manne, ingawa si kwa kiwango sawa. Pugu huvumilika siku ambayo haikunyesha usiku. Jozani, maji ya ardhini hupanda na sehemu ya njia ya msituni huweza kujaa, lakini kima na mikoko hubaki palepale. Uluguru na Sanje katika Aprili zisifikiriwe na mtu asiye mzoefu: mawe yana ute, mito hupanda ghafla, na mawingu hufunika kile ulichopanda kwenda kukiona.

Juni na Julai, kwa maoni yangu, ndiyo miezi bora ya milima. Mvua imekoma, njia zimekauka, hewa ni ya kipupwe, na maporomoko bado yana maji mengi ya masika. Kadiri unavyokaribia Oktoba njia huwa rahisi zaidi lakini Sanje hupungua. Tatizo ni kwamba miezi hiyohiyo ndiyo ya upepo wa kusi, bahari huchafuka, na msafiri wa Jozani ambaye tumbo lake halipatani na mawimbi atafika Unguja akiwa hana hamu ya msitu wala ya chakula. Kwa hiyo aliyepanga kwenda kote kuwili katika mwaka mmoja afanye milima wakati wa kusi, na kisiwa akiweke Januari au Februari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu zaidi. Kwenye kivuli cha Jozani na kwa mwendo mfupi, joto la miezi hiyo halina makali sana. Pugu katika Januari na Februari ni ya alfajiri tu.

Kumbuka pia kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Anayeondoka Morogoro akitokwa na jasho atatetemeka kileleni Lupanga akiwa na fulana iliyolowa, na wapo wanaodhani kwamba kubeba sweta katika nchi ya joto ni mzaha.

Vibali na gharama

Pugu na Uluguru ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, Udzungwa iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na Jozani chini ya mamlaka ya misitu ya Zanzibar. Viingilio hubadilika kila baada ya muda, na raia hulipa kiasi kidogo zaidi kuliko mgeni kutoka nje, hivyo uliza viwango vya sasa kabla ya kuwaalika watu. Malipo ya TANAPA hufanywa kwa kumbukumbu namba, si fedha taslimu langoni. Kwa Uluguru, kibali na mwongozo vishughulikiwe siku za kazi kupitia ofisi ya hifadhi iliyoko Morogoro, kwa sababu anayefika Jumamosi asubuhi bila mipango atapoteza saa ambazo treni ilimwokolea.

Gharama halisi, hata hivyo, imo kwenye usafiri. Pugu ni nauli ya daladala na chupa za maji. Uluguru ni tiketi mbili za treni na bodaboda. Jozani ni boti, na boti ndiyo inayoifanya iwe ghali kwa familia kubwa kuliko inavyoonekana. Udzungwa ni mafuta ya gari, chumba cha kulala, kiingilio na malipo ya mwongozo ambayo mara nyingi hutozwa kwa kundi, kwa hiyo watu sita hulipa kwa unafuu zaidi kuliko wawili.

Nani aende wapi

Ambaye hajatembea zaidi ya kilomita 3 mfululizo mwaka huu aanze Pugu, na aende mara kadhaa, kwa kuwa ni msitu wa kuzoea miguu na viatu kabla ya kuvipeleka mbali. Familia yenye watoto wadogo na wazee iende Jozani ikiwa fedha zinaruhusu. Zisiporuhusu, iende Morningside kwa kugawana kati ya miguu na bodaboda. Walimu wenye wanafunzi wa sekondari wanaosoma jiografia au biolojia ningewapeleka Uluguru bila kusita, kwa sababu mmomonyoko wa udongo, vyanzo vya maji, kilimo cha miteremko na msitu wa asili vinaonekana kwa mfululizo katika mpando mmoja, na treni huwarudisha nyumbani kabla ya wazazi kuanza kupiga simu. Vijana wenye nguvu wanaotafuta kujipima waende Lupanga, wakiwa wamelala Morogoro. Mwenye mapumziko ya siku 3, au mwenye mgeni kutoka nje anayetaka msitu ambao hatausahau, aende Udzungwa, atembee Prince Bernhard jioni ya kuwasili na Sanje asubuhi inayofuata, kisha arudi taratibu siku ya tatu.

Linabaki kundi lenye mchanganyiko, ambalo ndilo la kawaida: binamu anayekimbia mbio ndefu, shemeji mwenye kisukari, watoto wawili na mjomba aliyeshawishiwa dakika ya mwisho. Kundi kama hilo halipaswi kwenda Sanje, kwa kuwa kundi lenye askari mmoja hutembea kwa mwendo wa aliye dhaifu zaidi na wote huishia kukasirikiana katikati ya mlima. Lipelekwe Morningside, ambako wenye nguvu wanaweza kuendelea hadi Choma pamoja na mwongozo huku wengine wakipumzika kwenye kivuli na kula walichobeba. Waagane kwa sharti kwamba saa 8 mchana kila mtu awe amerudi kwenye nyumba ya kale, na kwamba atakayeona kwamba hataiwahi saa hiyo ageuke hata kama maporomoko yanasikika. Kwa utaratibu huo wote huwa mjini kabla ya saa 11 jioni, wakiwa na muda wa kupitia Soko Kuu la Chifu Kingalu kununua ndizi na mboga za mlimani kabla ya kwenda Kihonda kupanda treni.